Upele Unaorudi, Mbuzi Anayejikuna na Funza wa Sakafuni: Majibu kwa Wasomaji

Barua za kujikuna zimekuwa nyingi mara hii. Nyingine zimeandikwa kwa ajili ya mtoto, nyingine kwa ajili ya mbuzi, na kadhaa zinauliza kama mmoja kamwambukiza mwenzake. Ndiyo maana majibu haya yameandikwa na daktari wa watu na daktari wa mifugo wakiwa meza moja.

Shikamooni. Mtoto wangu wa pili alirudi kutoka shule ya bweni akiwa na upele. Nimempaka BBE, ile dawa ya maji ya upele, mara tatu. Unapoa, kisha unarudi. Sasa mdogo wake naye hajalala, anajikuna usiku kucha. Jirani ananiambia nichome godoro. (Mama wa watoto wanne, Morogoro)

Marahaba, mama. Godoro liache, halina kosa.

Upele huu huletwa na kidudu cha miguu minane, Sarcoptes scabiei. Jike lake halifiki hata nusu milimita. Huchimba njia ndani ya tabaka la juu kabisa la ngozi na kutaga mayai mawili au matatu kwa siku. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, na katika muda wa wiki mbili hivi kizazi kipya kimeshakomaa. Mgonjwa wa kawaida ana vidudu 10 hadi 15 tu mwili mzima. Muwasho mkali namna ile hautokani na wingi wao, unatokana na mwili kukataa mayai, mate na kinyesi chao. Mwili huo huchelewa kung'amua: anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda wote huo anaambukiza wenzake. Aliyewahi kuugua huanza kujikuna ndani ya siku 1 hadi 4.

Sasa angalia kilichotokea nyumbani kwako. Ulimpaka mmoja, akapona. Mdogo wake anayelala naye alikuwa ameshabeba vidudu bila dalili, akamrudishia. Dawa ilifanya kazi. Waliopakwa ndio waliokuwa wachache.

Chagua siku moja, na siku hiyo wapakwe wote wanaolala humo ndani: baba, wewe, watoto wote wanne, dada wa kazi, na bibi kama yupo. Anayewashwa na asiyewashwa wote wapakwe. Kateni kucha kwanza. Ogeni, jikausheni, subirini ngozi ipoe. Tikisa chupa vizuri, kisha paka kuanzia shingoni hadi nyayoni bila kuruka mahali: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, makwapani, kuzunguka chuchu na kitovu, kiunoni panapokaa mkanda, makalioni, sehemu za siri, nyayo, na chini ya kucha. Wengi hupaka pale panapowasha tu, na kidudu kimoja jike kilichobaki mgongoni kinatosha kuanza upya. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupakwa hadi kichwani na usoni, ukiepuka macho na mdomo, na mikono yake avishwe soksi asije akailamba. Mtu mzima akinawa mikono wakati dawa iko mwilini, aipake tena mikononi. Hili husahauliwa kuliko yote, na mikono ndipo vidudu hupenda kukaa.

BBE ya asilimia 25 ni ya wakubwa. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 achanganyiwe sehemu moja ya dawa na sehemu moja ya maji. Wa chini ya miaka 2, sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, apakwe mara moja tu kwa muda atakaokuambia mhudumu wa kliniki, kwani kwake ni saa chache. Kwa wengine dawa hukaa saa 24, waoge, wapake tena kwa saa 24 nyingine. Inaunguza pale penye vidonda, kwa hiyo vidonda vyenye usaha vitibiwe kwanza.

Ukimudu krimu ya permetrini ya asilimia 5, tungependa uichukue hiyo. Haiunguzi kama BBE, inafaa kuanzia miezi miwili na kwa mjamzito, na inakaa mwilini saa 8 hadi 14, maana yake mnapaka jioni na kuoga asubuhi. Mtu mzima hutumia takribani gramu 30 kwa mara moja. Rudieni baada ya siku 7, ili walioanguliwa baada ya mpako wa kwanza wakutwe kabla hawajaanza kutaga.

Nguo, mashuka na taulo za siku tatu zilizopita zifue kwa maji ya moto. Kidudu hufa kwa nyuzijoto 50 katika dakika 10. Visivyofulika, kama blanketi zito au viatu vya kitambaa, vifunge ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kwani nje ya mwili wa mtu kidudu kwa kawaida hakipiti siku tatu. Godoro lianike juani. Kulipulizia dawa ya wadudu hakusaidii, na watoto watalala juu ya sumu.

Kisha subiri kwa moyo mgumu kidogo. Muwasho huendelea wiki mbili hadi nne baada ya vidudu kufa, kwa sababu mizoga na mayai bado yamo ngozini mpaka ngozi ijivue. Watu wengi hufikiri dawa imeshindwa, wakapaka BBE kila siku, na ngozi ikaungua na kuwasha zaidi ya mwanzo. Vikitokea vipele vipya baada ya wiki nne, hapo rudi kituoni. Na tafadhali, msipake zile krimu za kuchubua zenye betamethazoni. Zinatuliza muwasho, zinaficha sura ya upele hata daktari asiutambue, na vidudu vinaongezeka kwa raha.

Wanasema upele humwota asiye na kucha. Kwa ugonjwa wenyewe, kucha ndizo za kuogopa. Mikwaruzo huingiza bakteria, vidonda hutunga usaha, na baadhi ya bakteria hao husababisha figo kuvimba wiki chache baadaye. Mtoto mwenye upele akivimba uso asubuhi, au mkojo wake ukiwa na rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Kwa maoni yetu ilichelewa.

Neno moja zaidi: mjulishe matroni wa bweni kabla mtoto hajarudi. Bweni lisipotibiwa siku moja, kitanda cha jirani kitamsubiri.

Mbuzi wangu kumi na wanane wana magamba meupe kuzunguka macho, pua na masikio, manyoya yananyonyoka, na wawili wamekonda sana. Kijana anayewachunga ana vipele mikononi na tumboni. Je, ni ugonjwa mmoja? Na nitumie dawa gani? (Mfugaji, Singida)

Ni ndugu wa karibu. Kidudu cha mbuzi ni aina ya Sarcoptes ile ile, ila kimezoea ngozi ya mbuzi. Kikimpanda mtu kinachimba kidogo, kinamwasha, lakini hakiwezi kuzaliana hapo. Kwa mchungaji wako muwasho huanza mapema, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Hukaa pale alipomkumbatia mnyama: mikono ya mbele, kifua, tumbo, mapaja. Katikati ya vidole kwa kawaida huwa pasafi. Mbuzi wakitibiwa, kijana hupona bila dawa katika wiki chache. Akiwa na vipele katikati ya vidole, na nyumbani kwao kuna wengine wanaojikuna usiku, huo ni upele wa watu na atatibiwa kama tulivyomjibu mama wa Morogoro.

Kabla ya kununua dawa, hakikisha ugonjwa. Vidonda vya kwenye midomo vilivyovimba kama uyoga kwa ndama wa mbuzi huenda vikawa virusi, ambavyo navyo humpata mtu anayewakamua au kuwanywesha. Mabaka ya duara yasiyowasha huenda yakawa fangasi. Mwombe ofisa mifugo akwangue ukingo wa gamba kwa kisu butu mpaka damu ianze kuchungulia, kwa maana kidudu kiko chini na ukikwangua juu juu darubini haitaona kitu. Uwasho mkali, magamba yanayoanzia kichwani na kwenda shingoni, na ngozi iliyokunjamana na kuwa nene kama ya tembo, vyote vinaelekea kwenye upele.

Dawa ya kwanza ni ivermektini ya sindano ya asilimia 1. Kipimo ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito, chini ya ngozi nyuma ya bega. Mbuzi wa kilo 25 apate nusu mililita, wa kilo 30 apate 0.6. Usikadirie kwa jicho. Tumia mzani, au utepe wa kupima kifua. Makosa hapa huwa ya upande wa kupunja, na kipimo pungufu huacha vidudu vilivyozoea dawa. Rudia baada ya siku 14. Sindano moja haitoshi, kwani haiui mayai.

Wachome wote kumi na wanane siku moja, hata wanaoonekana wazima. Mfugaji anayechoma wawili wagonjwa tu atanunua dawa kila msimu.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwa upande wa chakula. Lebo nyingi za ivermektini hukataza kuitumia kwa mnyama anayekamuliwa maziwa ya kunywa watu, na nyama ina siku za kusubiri ambazo mara nyingi ni wiki nne au zaidi. Soma ya chupa yako, iandike tarehe kwenye daftari, usimuuze mnyama kabla ya siku hizo.

Kwa wanaokamuliwa, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu kuogesha kwa amitrazi ya asilimia 12.5, kwa kuwa masharti ya maziwa hutofautiana kati ya dawa na dawa. Kwa kupe wengi wamezoea mililita 2 kwa lita ya maji. Kwa upele lebo nyingi hutaka mililita 4 kwa lita, na marudio baada ya siku 7 hadi 10. Hapa ndipo watu hukosea: wanatumia mchanganyiko wa kupe, halafu wanalalamika dawa ni feki. Osha magamba kwanza kwa sabuni na brashi laini mpaka yalainike, la sivyo dawa itapita juu kama mvua juu ya bati. Lowesha ndani ya masikio na katikati ya kwato. Mchanganyiko uliobaki usiuhifadhi, unapoteza nguvu. Vaa glavu, na mwenye kisukari asiishike kazi hii, kwa sababu dawa hiyo hupandisha sukari. Kamwe usimwogeshe punda: humfungia utumbo na huweza kumuua.

Zizi nalo lina sehemu yake. Kwenye kivuli, baridi na unyevu kidudu huweza kuishi nje ya mnyama siku kadhaa, hata kukaribia wiki tatu. Toa samadi yote, choma matandiko, na ukiweza wahamishie mbuzi sehemu nyingine kwa wiki hizo tatu. Miti wanayojikunia na kamba za kufungia zioshwe kwa dawa ile ile. Mbuzi mpya asichanganywe na kundi kabla ya kutengwa wiki nne na kuchomwa sindano zote mbili.

Hiyo ivermektini ya ng'ombe, mtu naye anaweza kuchomwa au kuinywa? Mtaani kwetu wanafanya hivyo. (Msomaji, Bukavu)

Hapana. Ile ni maji mazito yenye viyeyusho vilivyopimwa kwa ajili ya mnyama wa mamia ya kilo. Kosa la mililita moja kwa mtoto ni kipimo cha mnyama wa kilo 50. Kwa watu kuna vidonge. Mtu wa kilo 60 hupewa miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3, kisha hurudia baada ya siku 7 hadi 14. Mtoto wa chini ya kilo 15 na mjamzito kwa kawaida hawapewi. Na kwa kuwa unaandika kutoka Kongo, jua hili pia: katika maeneo ya misitu yenye minyoo ya loa, ile inayoonekana ikipita ndani ya jicho, ivermektini hata ya vidonge huweza kudhuru ubongo wa mtu mwenye minyoo mingi mwilini. Huko apimwe damu kwanza.

Mbwa wetu amenyonyoka manyoya. Watu wanashauri tumpake oili chafu ya gari. (Kijana, Nakuru)

Msimpake. Oili iliyotumika ina madini yenye sumu na mabaki ya petroli. Mbwa huilamba, nayo hupita pia kwenye ngozi iliyochubuka. Wengine hufa kwa ini na figo, na mwenye mbwa hudhani ni upele uliomuua.

Jaribu hivi: shika ukingo wa sikio lake na kuusugua taratibu kwa vidole. Mbwa mwenye upele wa Sarcoptes mara nyingi huanza kupiga mguu wa nyuma kama anajikuna. Ukiona hivyo, pamoja na magamba kwenye ncha za masikio, viwiko na tumboni, basi huo ni ule unaoweza kuwawasha na nyinyi. Kama ni mtoto wa mbwa chini ya mwaka, ana mabaka ya upara kuzunguka macho na miguu ya mbele na hajikuni sana, huenda ni kidudu kingine cha ngozi, Demodex. Hicho hurithiwa kutoka kwa mama wakati wa kunyonya, hakimpati mtu, na mabaka machache mara nyingi hupona yenyewe mbwa akilishwa vizuri na kupewa dawa ya minyoo.

Kwa vyote viwili, siku hizi kuna tembe za kutafuna zenye fluralana au afoksolana, zinazofanya kazi vizuri kuliko chochote tulichokuwa nacho zamani. Bei yake inauma. Njia ya bei nafuu ni amitrazi, mililita 2 za ile ya asilimia 12.5 kwa lita ya maji, mara moja kwa wiki. Asisuuzwe, aachwe akauke kivulini na asijilambe. Mbwa wa Sarcoptes huhitaji wiki nne hadi sita, wa Demodex huenda miezi. Sindano ya ivermektini ni ya daktari: mbwa wa damu ya Collie, hata chotara, huweza kuzirai na kufa kwa kipimo ambacho mwingine anakihimili. Na kama mna paka, dawa ya permetrini ya mbwa isimfikie. Tone chache humtia kifafa.

Wajukuu zangu wana funza miguuni, kisigino chote. Tunawatoa kwa pini, tunapaka mafuta ya taa, baada ya wiki mbili wapo tena. (Bibi, Murang'a)

Pole sana, shosho. Pini na mafuta ya taa ndivyo tunavyoomba viachwe kabla ya yote. Pini moja ikizunguka kwa watoto wanne huweza kubeba virusi vya homa ya ini au UKIMWI, na jeraha la vumbini ni mlango wa pepopunda. Mafuta ya taa huunguza ngozi na funza hubaki.

Funza, au tekenya kama wanavyomwita wengi pwani, ni kiroboto jike. Akiingia ana milimita 1. Katika wiki moja au mbili tumbo lake huvimba hadi kufikia saizi ya punje ya mahindi, huku ncha ya nyuma ikibaki nje kama kitone cheusi. Kwa tundu hilo anapumua, anatoa kinyesi na kumwaga mayai mamia. Hufa mwenyewe ndani ya wiki nne hadi sita. Bara letu halikuwa naye: alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshavuka hadi Bahari ya Hindi.

Tiba inayofaa zaidi sasa ni dimetikoni nyepesi, aina ya mafuta ya silikoni. Osha miguu kwa sabuni, kausha, kisha dondosha juu ya kila kitone cheusi, mara tatu ndani ya dakika 10. Haina sumu, inatambaa ndani ya lile tundu na kumziba pumzi. Ndani ya siku saba funza wengi wamekufa na ngozi itawasukuma nje yenyewe, bila kuchokoa. Uliza kituo cha afya au mhudumu wa afya wa kijiji. Isipopatikana, funza watolewe na mhudumu kwa sindano mpya kwa kila mtoto, na chanjo ya pepopunda ikaguliwe. Kulowesha miguu kwa maji ya pamanganeti husafisha vidonda lakini huacha funza wengi hai.

Sababu ya kurudi kila baada ya wiki mbili iko chini ya kitanda. Mayai huanguka kwenye vumbi kavu la sakafu ya udongo, huanguliwa baada ya siku 3 hadi 4, na viluwiluwi hukulia humo humo, hasa chumba cha kulala ambamo hapamwagiki maji. Fagia kila siku, vumbi lichomwe. Sakafu iliyosakafiwa kwa saruji, au hata udongo ulioshindiliwa na kukandikwa ukawa mgumu bila nyufa, huwakata kabisa. Tungefurahi fedha za viatu zikienda kwanza kwenye sakafu ya chumba kimoja cha watoto, kwa sababu viatu huvuliwa usiku.

Angalia pia nguruwe, mbwa na mbuzi: kwato na nyayo zao, na chuchu za nguruwe jike. Nguruwe mmoja huweza kubeba funza wengi kuliko familia nzima, na ndivyo ilivyoonekana pia katika vijiji vya mashariki mwa Uganda. Wanyama wasilale ndani, na daktari wa mifugo awapulizie dawa.

Mwanangu alicheza ufukweni Nungwi. Sasa ana mstari mwekundu uliopinda kwenye unyayo, na kila siku unasogea. (Baba, Unguja)

Huyo ni kiluwiluwi cha mnyoo wa mbwa au paka. Mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu, kisha kiluwiluwi hupenya ngozi iliyo wazi. Kwa mtu hakina uwezo wa kwenda ndani zaidi, kwa hiyo kinatangatanga chini ya ngozi kwa milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa siku, kikiwasha hasa usiku. Hufa chenyewe baada ya wiki au miezi, ila hakuna haja ya mtoto kuteseka: albendazoli miligramu 400 kwa siku, siku tatu, ndiyo tiba iliyozoeleka, kipimo cha mtoto mdogo atakipanga daktari. Usijaribu kukichoma kwa barafu au kukitoa kwa wembe. Kwenye mwisho wa mstari unaouona hakipo tena, kimeshatangulia mbele.

Mchanga unaofikiwa na maji ya bahari kila siku ni salama zaidi kuliko ule mkavu wa juu, chini ya minazi. Watoto wakalie mkeka, na mbwa wa mtaani wapewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Tunaumwa na vidudu usiku, na banda la kuku limegusana na ukuta wa chumba. Kuku wenyewe ukiwatazama mchana hawana kitu. (Msomaji, Mwanza)

Watazame saa nne usiku kwa tochi. Utitiri mwekundu hunyonya gizani na kukipambazuka hujificha kwenye nyufa, chini ya fito za kulalia, ndani ya viota. Pitisha karatasi nyeupe kwenye ufa, na ikitoka na madoa ya damu umewapata. Kutibu kuku pekee hakufai, kwa sababu muda mwingi hawako juu ya kuku, na bila chakula huweza kuvumilia miezi. Toa matandiko yote, mwagia nyufa maji yanayochemka, ziba kwa udongo au saruji, kisha pulizia dawa iliyosajiliwa kwa mabanda na urudie baada ya siku 7, maana kizazi chao hukamilika ndani ya siku 7 hadi 10. Uliza siku za kusubiri kwa mayai. Chumbani hawazaliani kwa damu yenu. Banda likisafika, na mlihamishe lisiguse ukuta, mtalala.

Mashilingi ya ngozini nayo yanaletwa na mdudu gani? (Mwanafunzi, Kisumu)

Hayana mdudu, ni fangasi. Duara lenye ukingo uliovimba na katikati iliyopoa hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku. Endelea wiki mbili baada ya alama kupotea. Yakiwa kichwani, yaani mapunye, krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, hivyo huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari. Ndama na paka huweza kuyaambukiza.

Nguo zangu huanikwa kwenye majani. Nimepata majipu mawili mgongoni, na ndani kuna kitu kinachocheza. (Dada, Bukoba)

Ni funza wa nzi anayeitwa Cordylobia anthropophaga. Hutaga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Paka vazelini nene juu ya tundu. Akikosa hewa atasogea juu, kisha minya taratibu kutoka pembeni kwa vidole viwili. Akikatikia ndani nenda zahanati, jipu litatunga usaha. Kuanzia leo anika kwenye kamba juani, na kila kitu kipigwe pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono, mkanda wa nguo ya ndani na nepi za mtoto. Nguo isiyowezekana kupigwa pasi ikae wiki mbili bila kuvaliwa. Na kama mbwa wenu naye ana majipu ya namna hiyo, mtafutieni pa kulala pengine, na mchanga wa pale alipokuwa akilala uondolewe.